Kutoka Keria Hadi Usukani

Nilikwenda Daraja la Tanzanite kumfumania mume wangu. Nikaishia kujifunza baiskeli, na somo hilo nimelipeleka mpaka kwetu Nyamwage.

Mpenzi msomaji, kabla sijaanza kukusimulia habari za upepo wa bahari na mambo mengine matamu, ngoja nikupe siri yangu kwanza. Mwenzenu nina miaka 38, mume mmoja na watoto wawili, na mpaka mwaka juzi nilikuwa sijui kuendesha baiskeli. Unacheka? Cheka tu. Lakini kama ni mwanamke na umekulia upande wa kwetu, najua unacheka huku unajijua.

Kwetu ni Nyamwage, wilayani Rufiji. Ukitoka Dar kwa barabara ya Kilwa unapita Kibiti, unapita Ikwiriri, unavuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, halafu unaikuta Nyamwage, pale njia inapochepuka kwenda Utete. Nilipokuwa mdogo daraja lilikuwa bado, lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo watu na magari walivuka kwa pantoni pale Ndundu, na mvua zikikolea safari ya Kusini ilikuwa ya kudra za Mungu. Sisi wa kijijini usafiri wetu ulikuwa miguu na baiskeli. Baiskeli ilibeba korosho, ilibeba mkaa, ilibeba mgonjwa, ilibeba hata bibi harusi.

Na baiskeli ilikuwa na sehemu mbili. Kiti cha mbele cha wanaume. Keria ya wanawake.

Nikiwa na miaka tisa nilimwibia kaka yangu Phoenix yake. Kiti sikukifikia, kwa hiyo nikapenyeza mguu chini ya bomba la katikati, kama walivyokuwa wakifanya watoto wa kiume wa rika langu. Nilikwenda hatua kama ishirini hivi, jamani, nikajiona nimeshafika Kilwa! Bibi yangu akanishusha kwa sikio.

"Mtoto wa kike hapandi baiskeli," alisema. "Unajiharibu."

Najiharibu nini, sikuelewa. Nilikuja kuelewa baadaye, nilipokuwa mwali na kuwekwa ndani, makungwi wakinifunda. Bibi alikuwa anaulinda usichana wangu. Tangu siku ile nikabaki mtu wa keria. Kaka alinipakia shuleni, mjomba akanipakia shambani, na nilipoolewa mjini mume wangu akanipakia kwenye gari la mwenzake siku ya harusi. Kupakiwa tu, maisha yote.

DAKTARI KASEMA

Mambo yalianza mume wangu alipopimwa presha. Ana miaka 46, kazi yake ya kukaa, na chipsi mayai ndiyo rafiki yake wa karibu kuliko mimi. Kipimo kikasoma 160 kwa 100. Daktari akamwambia apunguze chumvi, anywe dawa bila kuruka, na afanye mazoezi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ukizigawa ni nusu saa kwa siku tano, wala siyo mlima Kilimanjaro.

Basi bwana, jioni moja mume wangu huyoo, anaingia na baiskeli mbili za mtumba za Kijapani. Yake ya kiume. Yangu ya kike, haina bomba la katikati, ina kikapu mbele na kengele inayolia kama ya mwuza aiskrimu.

"Jumamosi alfajiri tunakwenda Daraja la Tanzanite," akasema. "Mimi na wewe tu, mama watoto."

Ningesema ukweli palepale, habari ingeishia hapo. Lakini aibu, shoga yangu. Mwanamke mzima, nimesoma, nimejenga, nitamwambiaje mume wangu sijui kitu ambacho mtoto wa miaka sita anakijua? Nikamwambia mgongo unaniuma.

Jumamosi ya kwanza mgongo. Ya pili mgongo. Ya tatu nikazidisha, nikasema mgongo na kichwa. Mwenyewe akaacha kuniuliza. Akawa anaamka saa kumi na moja, anaswali, anaondoka. Anarudi saa mbili anang'aa, anaimba bafuni. Tumbo likaanza kupungua. Miezi minne ikapita, na mimi kichwani nikaanza kupiga hesabu zangu. Mwanaume gani anaamka alfajiri Jumamosi kwenda kuangalia bahari peke yake? Nikakumbuka kwamba siku moja nilimsikia amejipulizia na manukato. Manukato ya kwenda kutoka jasho? Hapo kuna mtu!

NINJA JUU YA DARAJA

Nikaazima ninja ya jirani, ile inayobakiza macho tu. Jumamosi hiyo, baba watoto alipoondoka tu nikakodi bajaji kutoka Kinondoni mpaka Coco Beach. Moyo unadunda. Nilishapanga na maneno ya kumwambia huyo mwanamke, tena mengine nisingeweza kuyaandika kwenye gazeti hili.

Nilimkuta amekaa upande wa ufukweni, baiskeli imelala pembeni, yuko peke yake. Anakula mihogo. Anaangalia maji. Nikasubiri. Dakika kumi, hakuna mtu. Dakika ishirini, hakuna mtu. Akatoa simu, akaanza kupiga. Nikasema sasa leo ndiyo leo.

Simu ikaita ndani ya ninja yangu.

Mpenzi msomaji, sijui kama umewahi kutamani ardhi ipasuke ikumeze. Akageuka, akaniangalia kuanzia viatu. Viatu ndivyo vilivyoniponza, alininunulia yeye mwenyewe Idi iliyopita.

"Nilikuwa nakupigia nikuulize kama nikuletee mihogo," akasema taratibu. Halafu: "Mke wangu, umekuja kunifumania?"

Nikakaa chini kwenye mchanga nikalia. Nikamwambia yote: Phoenix, bibi, sikio langu, mgongo wa uongo. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema jambo ambalo mpaka leo likinijia usiku nashindwa kulala.

"Baiskeli yako ina miezi minne haijaguswa. Na mgongo unauma Jumamosi tu. Mimi nikajua umenichoka. Nikasema bora niwe naondoka mapema, nisikulazimishe."

Unaona wenzangu? Mimi naficha aibu ya baiskeli, yeye anahesabu siku za ndoa kufa. Tulikuwa kitanda kimoja, kila mtu na hofu yake, na hakuna aliyemwuliza mwenzake.

DAKIKA KUMI NA MBILI

Nilijifunzia kwenye uwanja wa shule ya msingi ya jirani, jioni, watoto wakishatawanyika. Mume wangu anashika keria kwa nyuma, mimi nakanyaga pedali. Zamu yake sasa kushika keria! Siku ya kwanza nilianguka mara saba. Siku ya tatu nikageuka kumwambia kitu, nikamwona yuko mbali kule golini, ameshaniachia zamani. Nikapiga kelele. Nikaanguka. Lakini nilishajua.

Baada ya wiki tano tukaenda kuijaribu njia yenyewe. Kwa ambao hawajafika, Daraja la Tanzanite lilianza kutumika mwaka 2022. Limejengwa baharini kwa mkopo kutoka Korea Kusini, ili kuipunguzia foleni Selander ya zamani. Urefu wake ni mita 1,030. Linaanzia karibu na Hospitali ya Aga Khan na kutokea upande wa Coco Beach. Katikati ni njia nne za magari, na pembeni ni sehemu yetu sisi wa miguu, wakimbiaji na wapanda baiskeli.

Sasa nikupe tathmini yangu bila kumpendelea mtu. Zuri la kwanza ni kwamba chini ni laini, huna mashimo wala mchanga wa kukukamata tairi. Kwa mwanafunzi kama mimi hiyo ni nusu ya ushindi. La pili ni mandhari. Jua linachomoza juu ya maji, upepo unakupiga ubavuni, na upande wa bara unaiona Selander na mikoko ya mdomo wa Mto Msimbazi. Mie nikiona mikoko nakumbuka nyumbani, maana delta yetu ya Rufiji ina msitu wa mikoko unaotajwa kuwa mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki. Nilijisikia kama naendesha kwenda kwetu.

Mabaya nayo yapo. Upepo ukizidi, baiskeli yenye kikapu inayumba. Njia mnagawana na klabu za wakimbiaji wanaokuja ishirini kwa mpigo huku wanaimba, na watu wa picha wanaosimama popote pale, wengine wamelala chini kabisa ili watokelezee. Kengele yangu ilifanya kazi mpaka ikachoka. Na ukishashuka daraja, raha imekwisha, unarudi kugombea nafasi na daladala na bodaboda. Dar inahitaji njia za baiskeli zinazoungana moja na nyingine. Kipande kimoja kizuri halafu unatupwa barabarani, hapana.

Nilitumia dakika kumi na mbili kuvuka. Mkimbiaji mmoja mzee alinipita, akanipungia na mkono. Sijali. Nilipofika ng'ambo nilishuka, mikono inatetemeka. Mume wangu akaniuliza vipi. Nikamwambia tena. Tukageuza.

NYAMWAGE, KWENYE UKUTA WA KAKA

Ningeweza kuishia hapo, ikawa makala ya mapenzi na afya, tukaachana salama. Lakini Idi ikafika, tukaenda Nyamwage.

Watu wa kwetu wamepitia magumu. Aprili 2024 mafuriko ya Mto Rufiji yalimeza mashamba na nyumba, na Mei ya mwaka huohuo kimbunga Hidaya kikaleta mvua zilizoikata barabara ya Kusini kule Somanga, magari yakakwama siku kadhaa. Sasa mipunga imerudi, maisha yanasonga. Kaka yangu siku hizi ana pikipiki. Ile Phoenix yake ya zamani imeegemea ukutani, kuku wanaitumia kulalia.

Mwanawe wa kike yuko kidato cha pili. Kwenda shule ni saa nzima na zaidi kwa miguu. Anaondoka gizani, anarudi gizani. Usiku tukiwa tunachambua mchele akaninong'oneza.

"Shangazi, kuna mwenye bodaboda ananipakia bure asubuhi."

"Bure?"

Akainamisha uso. "Anasema nitamlipa nikikua."

Mikono ikaniganda juu ya ungo. Wewe msomaji na mimi tunaijua lifti hiyo inaishia wapi. Mabinti wangapi wameacha shule kwa lifti ya bure? Na baiskeli ipo, iko pale ukutani, hatua kumi kutoka kitandani kwake!

Asubuhi nikamfuata kaka. Nikamwamkia, nikakaa, nikazungumza kwa adabu zote. Nikamwomba ampe mtoto ile baiskeli.

"Mdogo wangu," akasema, "mtoto wa kike? Watu watasemaje? Na unajua wazee walivyokuwa wakisema."

Nilijua. Kwa hiyo nikamjibu na nawajibu wote wenye hofu hiyo. Usichana haukai kwenye kiti cha baiskeli. Mwaka 2018 mashirika ya Umoja wa Mataifa, likiwemo la Afya, yalitaka upimaji wa bikira ukomeshwe duniani kote kwa sababu hakuna kipimo cha mwilini kinachoweza kuonesha kama binti ameshakutana na mwanaume au la. Ile ngozi ambayo bibi aliihofia hutofautiana kwa kila msichana tangu kuzaliwa. Kinachomharibu mtoto wa kike siyo baiskeli, ni huyo anayempakia bure.

Na wala siyo sisi tu. Mwaka 2012 mwanamke wa Saudi Arabia, Haifaa al-Mansour, alitoa filamu ya Wadjda, kuhusu binti mdogo wa Riyadh anayetaka baiskeli ya kijani huku kila mtu mzima akimwambia siyo ya wasichana. Nilipoiangalia nililishika sikio langu mwenyewe.

Kaka akanyamaza. Kuhusu yule wa bodaboda sikumficha, nikamwambia. Uso ukambadilika, akatoka nje bila neno. Maneno yangu yalikuwa yameisha. Nikaichukua Phoenix, nikawafukuza kuku, nikaikung'uta. Nilikuwa nimevaa dera na suruali ndani. Nikaikokota mpaka barabarani, nikavuta pumzi, nikapanda.

Phoenix siyo baiskeli ya Kijapani, ndugu zangu. Ni nzito, kiti kiko mbinguni, na breki ni za kuombea dua. Nikapita pembeni mwa lami kutoka njia panda ya Utete. Pale kijiweni wazee walikuwa wanakunywa kahawa. Kimya kikaanguka. Halafu nikasikia mmoja: "Lo! Huyu si binti wa hapa?" Mwingine akajibu: "Ndiye. Na anajua!" Lori likanipita, upepo wake ukataka kunitupa kwenye majani. Nikakaza usukani. Nikageuza, nikarudi.

Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake, mkono kiunoni. Nikajua leo nitasikia maneno. Mama ana miaka sabini na kitu, na aliyeninyoosha sikio alikuwa mama yake mzazi.

"Nilipokuwa na uchungu wako," akasema, "baba yako alinipakia keria mpaka Utete hospitali. Zaidi ya kilometa thelathini. Kila shimo nililisikia tumboni. Njia nzima nilikuwa nawaza, huyu mwanaume hajui hata kukwepa shimo, ningekuwa mbele mimi ningekwepa."

Akaingia ndani. Akarudi na kopo la mafuta ya nazi, akamkabidhi mjukuu wake. "Pakaza mnyororo. Umekauka."

ALICHOFANYA KAKA

Kaka hakusema ndiyo. Nisikudanganye mpenzi msomaji, hakusimama akatoa hotuba. Jioni nilimwona ameinama pale ukutani na pampu. Anajaza upepo tairi la nyuma. Kisha la mbele. Kisha akachukua spana akashusha kiti, akakipima kwa macho, akamwangalia binti yake, akakishusha tena kidogo. Yule wa bodaboda alimfuata usiku huo yeye na mwenyekiti wa kitongoji. Walichozungumza hawakutuambia sisi wanawake, lakini asubuhi ile pikipiki haikusimama tena njiani kwetu.

Phoenix ilikuwa kubwa mno kwa yule mtoto. Alianguka, akachubuka goti, akapanda tena. Tuliporudi Dar nilimwomba mume wangu ushauri, ingawa nilishajua nataka nini. Akasema, "Ile ni yako, uamuzi ni wako." Jumatatu tukaipeleka baiskeli yangu ya Kijapani Mbagala Rangi Tatu, kondakta akaifunga juu ya basi la Rufiji, kikapu na kengele vyote. Nilisimama pale stendi naiangalia inaondoka kama namsafirisha mtoto.

Kwa hiyo sasa hivi mwenzenu sina baiskeli. Nachanga, mwisho wa mwezi ujao nitapata nyingine. Wakati huo huo Jumamosi tunakwenda Tanzanite na moja tu, tunapokezana. Yeye anavuka kwenda, mimi navuka kurudi, na asiyeendesha anatembea. Presha yake kipimo cha mwisho kilikuwa 135 kwa 85. Daktari kamwambia dawa asiache, na mazoezi asiache. Na siku hizi njiani tunazungumza. Nikiumwa na kitu namwambia ni nini hasa.

Wiki iliyopita simu ilinipigia mtoto wa kaka.

"Shangazi, wiki nzima sijachelewa hata siku moja. Ila kuna tatizo."

Moyo ukaruka. "Tatizo gani tena mwanangu?"

"Wenzangu watatu wanataka niwapakie."

Nikamwambia asiwapakie. Awafundishe.

DONDOO ZA MWENZENU

- Jifunzie sehemu tambarare isiyo na magari: uwanja wa shule, kiwanja cha mpira. Darajani na barabarani ni baadaye.
- Shusha kiti mpaka miguu yote miwili iguse chini. Ukishazoea, kipandishe taratibu, magoti yasiumie.
- Dera na baibui vinapanda baiskeli bila tatizo, ila ndani vaa suruali, na pindo lifunge lisiingie kwenye mnyororo.
- Vaa kofia ngumu. Alfajiri vaa nguo ya rangi inayoonekana, na weka taa nyuma.
- Tanzanite nenda mapema, kabla ya saa moja asubuhi, jua halijakolea na watu wa picha hawajajaa.
- Kama una presha, sukari au umejifungua karibuni, muone daktari kwanza.
- Na kama hujui, sema hujui. Ninja ya jirani ni gharama zaidi.